Bolti iliyoganda si bolti iliyokazwa

Mtu akiwa chini ya gari lake, anavuta spana hadi mishipa ya shingo inamtoka na nati haitikisiki, neno la kwanza kumtoka ni "aliyeikaza hii ana mkono mbaya." Mara nyingi anamsingizia. Aliyeikaza alitumia nguvu ya kawaida tu, miaka sita iliyopita. Kilichotokea tangu siku hiyo ndicho mafundi wanachokiita kuganda, na kuganda na kukazwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bolti iliyokazwa ni springi. Unapoizungusha inanyooka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, kisha inataka kurudi urefu wake, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Lakini nguvu ya mkono wako haiendi yote huko. Karibu nusu yake inaishia kwenye msuguano chini ya kichwa cha bolti, sehemu kubwa ya iliyobaki inaliwa na msuguano wa nyuzi, au thredi kama wasemavyo gereji, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti yenyewe. Kwa hiyo nyuzi zikibadilika hali, hesabu yote inavurugika.

Kinachozibadilisha zaidi ni kutu. Chuma kikigeuka kutu hujaa: kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilichoizaa. Sasa fikiria uwazi ulio kati ya uzi wa bolti na uzi wa nati, mwembamba kiasi kile. Kutu ikivimba humo haina pa kwenda, inajipigilia kama kabari, pande zote. Ndiyo maana gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja miaka mitano halifunguki kama lililokaa Dodoma. Na gari lililotoka Japani, hata liwe limeshushwa bandarini juzi, chungulia chini kabla ya kulisifia rangi. Magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido yanapita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inasafiri nayo hadi kwako.

Ndani ya injini kuna kuganda kwa aina nyingine. Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, ina ganda la chuma, nayo imefungwa kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ambacho kwa magari mengi ya leo ni cha alumini. Metali mbili tofauti zikikutana na unyevu, hasa wa chumvi, huwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Matokeo yake ni unga mweupe unaojaza nyuzi. Juu ya hapo, alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, basi kila ukiwasha na kuzima injini vitu hivyo viwili vinasuguana. Ukiilazimisha plagi itoke wakati hedi ina moto, inaweza kuondoka na nyuzi za alumini. Acha injini ipoe. Plagi za kupashia moto za injini za dizeli ni habari nyingine: ni nyembamba, ncha zake hushikwa na masizi, na hizo ushauri wa kawaida ni kuzifungua injini ikiwa imepata joto.

Sasa, kwa nini bolti iliyoganda inakatika? Kwa sababu unaizungusha kichwa wakati mkia haujui kama kuna kazi. Kichwa kinageuka, nyuzi zimeshikwa, shingo ya katikati inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ukichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, ambalo ndilo jambo la kwanza jirani atakushauri, unaongeza kusokotwa tu. Kuna dalili mkono unaijua: spana inaanza kwenda laini, kama inayovuta chingamu, bila ile kwaruzo ya uzi unaoachia. Hapo simama. Hujafungua kitu, unaikata.

(Kabla ya yote hayo hakikisha unazungusha upande sahihi. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, Fuso na wenzake, nati za magurudumu ya kushoto zina uzi wa kinyume. Watu wamevunja spana wakikaza wakidhani wanafungua.)

Dawa ya kuganda, basi, ni kuvunja mshiko wa kutu kabla ya kuomba nguvu. Mafuta mepesi hupenya kwa kunyonywa na uwazi wenyewe, na yanataka muda kuliko wingi. Mwagia jioni, rudia kabla ya kulala, fungua asubuhi. WD-40 ambayo kila nyumba inayo ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na jina lake lina maana hiyohiyo: jaribio la 40 la kufukuza maji. Inasaidia, ila haikuzaliwa kwa kazi hii. Mafundi wengine huchanganya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Inafanya kazi, lakini asetoni inashika moto upesi. Ukishawishika kutumia mafuta ya breki badala yake, yanababua rangi ya gari, yaweke mbali.

Kisha igonge. Nyundo, mapigo mafupi makavu juu ya kichwa cha bolti, siyo kwa hasira. Mtikisiko unapasua kutu mahali ambapo kuvuta taratibu hakuwezi. Tumia boksi, spana ya kuvisha juu ya kichwa, ya pembe sita, maana ile ya pembe 12 hushika kona tu na ndiyo inayozilamba hadi kichwa kiwe mviringo. Ikianza kusogea usishangilie: fungua robo, rudisha kidogo, ongeza mafuta, fungua tena. Huko kwenda na kurudi kunasaga kutu na kuitoa. Moto nao unasaidia ukipasha nati, siyo bolti, ili nati itanuke na kulegeza mshiko. Baadhi ya mafundi hugusisha mshumaa kwenye nati ikiwa bado ya moto, nta ikayeyuka na kunywewa na nyuzi. Usiwashe moto karibu na bomba la petroli, wala mahali ulipopulizia dawa ya kusafishia breki. Zile zenye klorini zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Na ikishakatika? Kama kipande kimetokeza, namna ninayoiamini ni kuchomelea nati mpya juu yake. Unapata kichwa kipya, na moto wa kuchomelea unailegeza bolti hapohapo. Kama imekatikia ndani, ni kupiga alama katikati kabisa kwa panchi na kutoboa kwa drili, kuanzia ncha ndogo. Halafu kuna kile kifaa cha uzi wa kinyume cha kung'olea bolti, kinachouzwa kwa seti kwenye kisanduku kizuri. Nacho nimekorofishana. Ni chuma kigumu sana, na chuma kigumu hakipindi, kinavunjika. Changu kilivunjikia ndani ya bolti ya manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa injini, na drili ya kawaida haikukigusa hata ilie vipi. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku nne, na hedi ikapelekwa kwa mtu mwenye mashine.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi na upake grisi ya shaba kiasi kwenye bolti za ekzosi. Plagi ziache: watengenezaji kama NGK wanasema plagi zao zimeshapakwa kinga, na ukiongeza grisi utakaza kupita kiasi bila kujua, kwa kuwa ule msuguano uliokuwa unakula nguvu yako umepungua. Mimi huanza kuifunga plagi kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovishwa juu yake, nikiuzungusha kwa vidole viwili. Uzi ukiingia upogo, mpira unateleza wenyewe.