Hesabu Mizani Kabla ya Kufungua Kamusi

Mwanafunzi anayekuja kwangu akitaka kutafiti tenzi za kale za pwani ya kaskazini mimi humpa kwanza nakala ya ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha humwomba asiguse kamusi mpaka awe amehesabu mizani ya kila kipande. Wengi hushangaa, kwa sababu shuleni wamezoea kuona mizani na vina kama mapambo ya shairi, mambo ya kutajwa katika jibu la mtihani na kupita. Mimi nimefikia kuamini kwamba kwa mtafiti wa miswada arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, ndicho chombo chenyewe cha kusomea, na kwamba anayekiacha kando hujikuta akimlaumu mshairi kwa makosa ambayo mshairi hakuyafanya.

Tatizo linaanzia kwenye mwandiko. Alama za irabu fupi za Kiarabu ni tatu, yaani fataha, kasra na dhumma, ilhali irabu za Kiswahili ni tano; kwa hiyo katika miswada ya zamani kasra hubeba i na e, na dhumma hubeba u na o. Konsonanti nazo zimebanana: be, ambayo kila aliyepita chuo cha Kurani anaijua kwa nukta yake moja chini, inaweza kuwa b, p au mb, ghaini inaweza kuwa gh, g, ng au ng', fe inaweza kuwa f au v. Ukikuta be mbili, kila moja ikiwa na kasra, unaweza kusoma pembe na unaweza kusoma pimbi, na karatasi haitakusuta kwa lolote kati ya hayo. Waandishi wa kale hawakuwa wazembe. Waliwaandikia watu waliokwisha kuusikia utenzi ukighaniwa, na maandishi yalikuwa ya kuwakumbusha tu. Huko Mombasa wapo waliojaribu kuzifanyia marekebisho herufi hizo ziendane na sauti za Kiswahili, akiwamo Mwalimu Sikujua katika karne ya 19 na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), lakini sehemu kubwa ya miswada tunayoisoma haikufuata taratibu zao.

Kwa bahati njema, utenzi una umbo linalotushika mkono. Ubeti una vipande vinne, kila kipande kwa kawaida kina mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vinashiriki kina kimoja, na cha nne kinabeba kina cha bahari kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Tuchukue kipande cha kwanza cha wasia ambao Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye mnamo 1858: "Negema wangu binti". Anayegawa silabi kwa macho atahesabu ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti, apate saba, na aseme mnakili ameruka neno. Hakuna kilichorukwa. Katika "wangu" sauti ya ng imeungana, nayo pamoja na u ni mizani moja. Katika "binti" n inasimama peke yake, bi-n-ti, na jumla inatimia nane. Kiswahili huunganisha n na d bila shida, kama katika ndugu, lakini hakiunganishi n na t ndani ya silabi moja. Neno hili limetoka Kiarabu na n yake, na ulimi wa Mswahili umeipa n hiyo pumzi yake kamili. Kinachonifurahisha kila nikikirudia kipande hiki ni kwamba mwandiko wa Kiarabu unaijua tofauti hiyo: binti huandikwa kwa nuni, ilhali ng ya wangu katika mwandiko wa zamani huandikwa kwa ghaini tupu. Herufi za Kirumi, tunazoziona kuwa wazi zaidi, ndizo zilizoandika nt na ng kwa namna moja na kuificha.

Jambo la pili ni lahaja, na hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Tenzi hizi zimejengwa juu ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na lahaja jirani zake, ambamo njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato, na moja ni moya. Mhariri mwenye nia njema anayemsaidia msomaji kwa kuandika macho badala ya mato ataona mizani zimebaki mbili, aridhike. Lakini kina kilikuwa -to, na sasa hakipo. Vitenzi vinaharibu zaidi: nimeona ni mizani nne, niwene ya Kiamu ni tatu, amekufa ni nne, ufile ni tatu. Akishabadilisha kitenzi, mhariri hulazimika kutafuta silabi ya kupunguza mahali pengine, na akiipata, kipande kizima kimekuwa chake.

Binti mmoja niliyemsimamia alikwama kwa siku kadhaa kwenye neno la mwisho la kipande cha pili, mimu yenye fataha na te yenye dhumma. Alisoma matu, akapekua kamusi, hakulipata. Akaanza kudhani kwamba mnakili ameacha herufi. Nilimwomba aache neno hilo na aangalie majirani zake. Kipande cha kwanza kiliishia na moto, cha tatu kikaishia na mtoto, yote mawili yakiwa wazi kwa muktadha. Basi dhumma ile haikuwa na ruhusa ya kuwa u. Alisoma mato kwa sauti, akanyamaza, kisha akaniambia kwamba bibi yake mzaliwa wa Lamu hulitamka neno hilo kila siku anapolalamikia macho yake.

Tangu hapo nawataka wanafunzi wote waandike unukuzi wao katika mistari mitatu: wa kwanza herufi kama zilivyo kwenye mswada, wa pili usomaji wa lahaja yenyewe mizani zikiwa zimetenganishwa kwa vistari, na wa tatu, kwa wino mwingine, maana yake katika Kiswahili sanifu. Miswada iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika jijini London, inatosha kuwapa kazi hiyo watafiti wengi kwa miaka mingi. Yule binti, katika mstari wake wa pili, aliandika ma-to, na katika wa tatu macho. Mstari wa kwanza hakuugusa.