Usimfungie ndani: kuacha pombe ghafla kunaweza kuua

Ukitaja arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea kilevi unapokikosa, hapa Dodoma, watu wanamfikiria mtumiaji wa heroini aliyejikunja kwa maumivu ya tumbo, machozi na kamasi vikimtiririka. Ni mateso ya kweli. Lakini akiwa hana maradhi mengine na akinywa maji ya kutosha, ni nadra arosto hiyo kumuua. Anayeweza kufa ni mnywaji wa pombe wa miaka mingi aliyekatishwa ghafla, na huyo ndiye ndugu humfungia chumbani ili "pombe imtoke".

Natibu watu wenye uraibu, na hakuna kinachoniumiza kama hiki, kwa sababu kinafanywa kwa mapenzi.

Pombe hutuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, iwe bia, gongo au pombe ya mtama ya kilabuni, ubongo hujizoesha kuchangamka zaidi ili kushindana na ule utulivu. Pombe ikikatika, kuchangamka kunabaki bila breki. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi unaruka. Ndiyo maana wengine hawawezi hata kushika kikombe cha chai asubuhi mpaka wazimue. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo.

Hatari kubwa zaidi hujitokeza kati ya siku ya pili na ya nne. Mgonjwa anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka, anaongea na marehemu, hajui kama ni usiku au mchana, na mwili unachemka. Nyumbani wanasema ni mapepo, au amerogwa. Simbezi mtu kwa imani yake. Aombewe, ila aombewe akiwa kitandani hospitalini. Tunampa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, na kuipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo isicheleweshwe, hasa kwa mtu asiyekula vizuri anayehitaji dripu ya sukari, kwani akiikosa ubongo unaweza kudhurika kabisa, bila kupona.

Tiba ya heroini imepiga hatua. Methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini ili kuzuia arosto, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sasa Dodoma inatolewa Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Kwa kawaida mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kwa pombe, marufuku ya viroba, pombe kali ya vipakiti, ya Machi 2017 niliiunga mkono kwa moyo wote. Lakini marufuku haimtibu ambaye mwili wake umeshazoea, na mlevi bado tunamwona mtu mwenye tabia mbaya badala ya mgonjwa. Anachelewa kuletwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kama ndugu yako anaamka akitetemeka mpaka apate pombe, au aliwahi kuanguka degedege alipoacha, asiache peke yake nyumbani. Nitasema jambo ambalo wazazi wengi hulikataa: mpaka aonwe na daktari, msimnyang'anye pombe yote kwa mkupuo. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tafuteni usafiri. Mkifika, mwambieni daktari bila aibu anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.