Zebaki kwenye maji ya mto: yanayosemwa na yalivyo

"Ingekuwemo tungeiona ikimetameta." Inayometameta ni ile ya kwenye beseni la mchenjua dhahabu. Ni nzito mara 13.5 kuliko maji, ikimwagika huzama mchangani. Inayotafutwa maabara imeyeyuka au imeshikamana na tope. WHO inaruhusu mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa, na kiasi hicho hakina rangi, ladha wala harufu.

"Chupa yoyote safi inafaa." Sampuli nyingi huharibikia hapa. Plastiki ya kawaida hupitisha mvuke wa zebaki, kutoka na kuingia. Ukiipitisha karibu na mtu anayechoma dhahabu, utapeleka maabara zebaki ambayo mto hauna. Tumia chupa ya kioo au ya Tefloni (plastiki maalumu) iliyooshwa kwa asidi, ndani ya mifuko miwili. Mtu mmoja afungue mfuko wa nje tu. Wa pili, mwenye glavu safi, ndiye ashike mfuko wa ndani na chupa. Mwenye jino lililozibwa kwa risasi asihemee mdomo wa chupa: hiyo "risasi" ina zebaki.

"Weka kwenye friji, itakaa." Baridi haizuii zebaki kung'ang'ania kuta za chupa. Ndani ya saa 48 tangu uchote, tia bromini monokloridi, kemikali inayoizuia isishike kuta, mililita 5 kwa lita, katika chupa ileile, usihamishe kwanza. Maji yabaki na unjano. Ukipotea, tope limeimaliza dawa: ongeza. Siku ya kupima, kemikali ya hidroksilamini huua bromini iliyobaki, kisha nyingine, stanasi kloridi, hugeuza zebaki kuwa mvuke unaonaswa na mtego wa dhahabu ndani ya mashine (dhahabu hushika zebaki). Ukiruka hidroksilamini, bromini hula mtego na majibu hushuka chupa baada ya chupa, huku mashine ikionekana nzima.

"Majibu yanasema haikuonekana, basi haimo." Haikuonekana na mashine ipi? Inayoanzia mikrogramu 1, yaani nanogramu 1,000, haioni nanogramu 50. Njia ya mtego wa dhahabu hufika nanogramu 0.2 kwa lita, na ziwa lisilochafuliwa mara nyingi huwa na nanogramu chache tu. Uliza pia majibu ya chupa ya maji safi iliyopelekwa mtoni, ikafunguliwa na kufungwa palepale. Ikisomeka sawa na sampuli, mlichopima ni mikono yenu.