Tumbo la Jumatatu si uongo
Hapa Kondele, mtaani Kisumu, mtoto akishika tumbo Jumatatu asubuhi, sare tayari mwilini, jirani husema: “Huyo anajifanya, mpeleke tu!” Si kweli. Hofu humwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kukabili hatari, damu hukimbilia misuli, na tumbo husokota kwelikweli. Kwanza mpime malaria, maana Kisumu haikosi mbu. Akiwa hana, na Jumamosi hucheza mpira bila kulalamika, basi chunguza shule: nani anamcheka, somo gani linamtisha. Muulize mkiwa njiani, si mbele ya wageni. Ila kumwacha abaki nyumbani kila mara nako hunenepesha hofu. Wangu nilimsindikiza hadi getini wiki mbili, kisha hadi kwa mama mandazi tu. Kumbe alikuwa anaogopa kusoma kwa sauti.