"Nimepima, sina": dhana potofu kuhusu kugundua VVU mapema

"Nilipima jana, kwa hiyo jana sikuwa na virusi."

Hii ndiyo dhana inayoumiza wengi. Virusi vikishaingia mwilini, kwa takribani siku 10 za mwanzo hakuna kipimo cha damu kinachoviona. Baada ya hapo huanza kuonekana vinasaba vya virusi (RNA), siku chache baadaye protini yake iitwayo p24, na mwisho kingamwili, yaani zile zinazotengenezwa na mwili wenyewe kupambana na virusi.

Kwa hiyo inategemea kipimo kinatafuta nini. Vipimo vya kingamwili pekee, vikiwemo vingi vya kutoboa kidole na vya kujipima kwa majimaji ya kinywani, huweza kugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90 tangu mtu aambukizwe. Kipimo cha maabara kinachotafuta p24 na kingamwili kwa pamoja, kwa damu ya mshipani, huweza kuyagundua kati ya siku 18 na 45. Cha vinasaba, siku 10 hadi 33.

Na ni katika wiki hizo za mwanzo ambapo virusi hujaa kwenye damu, mara nyingi zaidi ya milioni moja kwa mililita, na mtu huambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Anaweza kupata homa, koo kuuma, upele na tezi kuvimba, akadhani ni mafua. Akipimwa kingamwili anaambiwa hana maambukizi. Anapaswa kuambiwa arudi lini kupima tena, kwa tarehe kamili, na aelezwe kwa nini. Kumwambia tu "uje tena siku nyingine" hakutoshi.

"Vipimo ni vilevile tangu zamani."

Sivyo kabisa. Kipimo cha kwanza kiliidhinishwa Marekani Machi 1985. Kilitumia virusi vilivyooteshwa ndani ya seli za binadamu kisha vikavunjwavunjwa, na mabaki ya seli hizo yaliwafanya baadhi ya watu wasio na VVU waonekane wanavyo. Baadaye zikatumika protini zilizotengenezwa maabara, majibu ya uongo yakapungua. Vikaja vipimo vinavyonasa IgM, kingamwili zinazotangulia kutokea, na hatimaye vya kizazi cha nne vilivyoongeza p24. Kutafuta p24 peke yake hakufai, kwa sababu kingamwili zikishaongezeka huishikilia na kuifanya isionekane. Ndiyo maana vyote viwili hutafutwa pamoja.

"Nitachangia damu ili nijue hali yangu."

Tafadhali usifanye hivyo. Damu ya wachangiaji hupimwa, na tangu 1999 Marekani ilianza kuipima hata vinasaba: sampuli za watu kadhaa huchanganywa, na mchanganyiko ukionyesha virusi kila sampuli hupimwa peke yake. Hatari imepungua mno, lakini zile siku za mwanzo bado zipo, na chupa moja inaweza kugawanywa kwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Maswali anayoulizwa mchangiaji kabla ya kutoa damu yanalinda pale ambapo mashine haioni. Yajibu kwa ukweli.

"Kipimo kimoja kikiwa chanya, basi."

Hapana. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vyote vikubaliane ndipo mtu aambiwe ana VVU. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, kingamwili zinazoonekana huenda ni za mama yake, hivyo hupimwa vinasaba.

"Nisubiri kipimo kwanza, dawa baadaye."

Kama umetoka kuwa kwenye hatari ya maambukizi, dawa za kinga (PEP) huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio hilo, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Nenda leo. Mwambie mhudumu ni lini hasa ulikuwa kwenye hatari, na kama unatumia au ulitumia karibuni dawa za kuzuia maambukizi, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana.