Mwaloni juu ya dawati: dhana potofu kuhusu kufundisha uhasibu kwa mchezo

Nafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu sekondari, hapa Mwanza. Kila nikiingia darasani na mfuko wa vizibo vya soda, hakosi mwalimu mwenzangu wa kuniuliza mada nitazimaliza lini. Nauheshimu wasiwasi wake, lakini umejengwa juu ya mambo yasiyo kweli.

Dhana: Mchezo unakula muda wa kipindi.

Kinachokula muda ni debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa kila hesabu. Mwanafunzi akikariri kwamba debiti ni kuongeza na krediti ni kupunguza, atakwama mpaka kidato cha nne, kwa sababu debiti huongeza mali lakini hupunguza deni. Katika mchezo wetu kila kikundi ni mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki ziwani. Kizibo ni shilingi 10,000, punje ya hindi ni gunia. Ukitoa vizibo vitano unapokea punje moja, na hurushi dadu tena mpaka uandike pande zote mbili: manunuzi debiti, fedha taslimu krediti. Waliokulia kwenye bao hawasumbuki: kete zikitoka shimo hili zitaonekana kwingine, na jumla haitoki kwenye 64.

Kanuni yenyewe ya kuandika pande mbili ni mtoto wa soko. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alipoichapisha Venice mwaka 1494, aliandika yale ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya tayari.

Dhana: Mwenye fedha nyingi mwishoni ndiye aliyeshinda.

Hapa ndipo mchezo unaponilipa. Vikundi viwili vilianza na mtaji wa 200,000 kila kimoja. Cha kwanza kikakopa 300,000, kikanunua magunia matatu kwa 150,000, mvua ikanyesha (kadi ndiyo ilisema hivyo), kikauza yote kwa 120,000. Mkononi 470,000, na shangwe juu. Cha pili hakikukopa. Kilinunua magunia matatu kwa bei ileile, kikayauza kwa mkopo kwa 210,000. Mkononi 50,000 tu, na nyuso zimenuna. Tulipofunga vitabu, wale wa shangwe walikuwa na hasara ya 30,000 na wale walionuna wana faida ya 60,000. Darasa lilinyamaza, kisha wakaanza kubishana wenyewe, na mimi nikakaa pembeni. Mabishano yale ndiyo somo. Mchezo usiofungwa kwa kupitia vitabu pamoja ni burudani tu.

Dhana: Lazima kuwe na kompyuta.

Vifaa vyetu ni karatasi za manila, vizibo, dadu na punje za mahindi.

Dhana: Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo mchezo wa Kiswahili hausaidii.

Leja, yaani kitabu cha hesabu, wanaijaza kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kiswahili ni cha kubishana kwa nini mdaiwa, yaani mtu anayedaiwa na biashara, ni mali.

Dhana: Urari ukilingana, kikundi kimepatia.

Urari ni orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti. Dhana hii iko hata kwa watu wazima wenye maduka. Muamala uliosahaulika pande zote mbili hauuyumbishi urari hata kidogo. Kikundi kimoja kililipa 20,000 ya kusafirisha magunia, kikasahau kuiandika popote, na urari wao ukalingana sawasawa. Nikawaambia wahesabu vizibo. Leja ilisema wana kumi na viwili. Mezani vilikuwa kumi.