Mgagani na mbegu zake zinazolala

Katika mimea ya msimu mmoja ninayoishughulikia, mgagani, mmea wa mboga ya majani, ndio ninaoulizwa habari zake zaidi, na swali ni karibu lilelile: mtu amevuna mbegu, akazipanda wiki hiyohiyo, lakini hakuna iliyoota. Mbegu hizo hazijafa, zimelala. Mbegu mpya huhitaji kukaa pakavu kwa miezi kadhaa ndipo ikubali kuota, na huota vizuri zaidi ikifukiwa kidogo kwenye udongo wenye joto la nyuzi 30 hivi kuliko ikiachwa juu penye mwanga. Kwa mmea wa mwituni tabia hiyo ni kinga, maana mbegu iliyodondoka mwishoni mwa mvua haidanganyiki na manyunyu ya kupita.

Mgagani, ambao kitaalamu ni Gynandropsis gynandra na ambao wengi bado wanauita Cleome gynandra, hujiotea katika maeneo yenye joto ya Afrika na Asia, kandokando ya njia, kwenye mashamba yaliyopumzishwa na hasa palipowahi kuwa na zizi, kwa kuwa hupenda samadi. Jani lake huwa na vijani vitatu hadi saba, kwa kawaida vitano, vinavyochanua kutoka ncha moja ya kikonyo. Ukilishika, vinyweleo vyake hunata vidoleni na kuacha harufu kali. Majaribio yameonyesha kwamba majani hayo hufukuza kupe.

Usanisinuru wake, yaani namna unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ni wa aina ya C4, inayofanya kazi vizuri penye joto na jua jingi, kama wa mahindi, hivyo hustawi kwenye jua kali, ila hauvumilii kivuli wala maji yaliyotuama. Mimi hushauri mbegu zichanganywe na mchanga na kupandwa moja kwa moja shambani, kwa sababu mzizi mkuu haupendi kuhamishwa, kisha miche ipunguzwe. Mmea ukisha kushika, kata kilele chake na uendelee kuondoa vichipukizi vya maua. Usipofanya hivyo, mmea utakimbilia kuzaa mbegu na majani yatakuwa machache na machungu.

Majani hayo yana vitamini A na C, kalsiamu na chuma. Wengi huyachemsha na kumwaga maji ili kupunguza uchungu, jambo ninaloliona ni hasara, kwa sababu vitamini C nyingi humwagwa pamoja na maji hayo; ni afadhali kuchuma majani machanga na kuyapika kwa maziwa.